Nchi kavu hupimwa kwa maji

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, yeyote aliyepata kuzuru shule na zahanati katika maeneo kame ya nchi yetu amekutana na ufa wa namna nyingine, ule unaozibwa kila mwaka na kila mwaka ukarudi. Fundi huja na saruji yake, akaujaza, akaupaka rangi, na wakuu wakaridhika. Kisha mvua ya kwanza ikinyesha, ufa hufumuka palepale, mpana kuliko jana, kuanzia kona ya dirisha hadi kwenye msingi.

Hapo ndipo lawama huanza kuzunguka. Mwalimu mkuu humlaumu fundi, fundi huilaumu saruji, mwanakandarasi huilaumu bajeti, na mwananchi, aliyekwisha kuzoea kudhulumiwa, huwalaumu wote kwa jumla na kusema kwamba fedha zililiwa. Pengine zililiwa kweli. Lakini yuko shahidi mmoja ambaye aghalabu hasikizwi kabisa katika kesi hiyo, naye ni udongo uliobeba jengo lenyewe. Swali ninalotaka tulitafakari leo ni hili: je, kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, kuna mtu aliyeuchimba udongo ule, akaupeleka maabara, na kuuliza utafanya nini siku maji yatakapoufikia?

Swali hili si la wahandisi peke yao. Maeneo kame na yale yenye ukame kiasi ni takriban asilimia 80 ya ardhi ya Kenya. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, sehemu hizo zilisahauliwa, na Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulihalalisha usahaulifu huo kwa kusema kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali ambapo zingezaa matunda upesi. Mambo yalianza kugeuka polepole. Katiba ya mwaka 2010 ilianzisha Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale, iliyokuwa ndoto ya vizazi vingi vya madereva na wafugaji, ikakamilika katika muongo huo huo. Mradi mkubwa wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia ulizinduliwa mwaka 2012, na gati la kwanza la bandari hiyo likafunguliwa mwaka 2021.

Kwa maneno mengine, nchi kavu inajengwa leo kuliko wakati wowote katika historia yake. Watu waliongoja zahanati kwa nusu karne wanapaswa kupata zahanati itakayosimama. Jengo likipasuka Nairobi, mgonjwa atapelekwa hospitali nyingine iliyo mtaa wa pili. Likipasuka katika kijiji cha Turkana au Mandera, huenda hospitali nyingine iko umbali wa siku nzima ya safari.

Sasa tuitazame ardhi yenyewe. Wengi wetu hudhani kwamba ardhi kavu ni ardhi imara. Jua limeioka kwa miezi kumi, mguu haudidimii, sululu inapiga cheche. Ni nani atakayetilia shaka msingi juu ya sakafu ya namna hiyo? Huo ndio mtego. Udongo mwingi wa nchi kavu ni mgumu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba haujalowa. Ugumu wake ni wa kuazima, na mwenye mali ni mvua, ambayo siku moja hurudi kudai chake.

Uko udongo uliorundikwa na upepo au na mafuriko ya laga, yaani ile mito ya msimu. Chembe zake zimeshikana kwa ulegevu, zikiacha nafasi nyingi katikati, na kinachozishikilia ni chumvi kidogo, au mfinyanzi kidogo, au ukavu wenyewe. Udongo huo ukibebeshwa jengo ukiwa mkavu, hustahimili vizuri. Ukilowa, viungo vile huyeyuka na ardhi huporomoka ndani kwa ndani kwa ghafla, bila mzigo wowote kuongezwa.

Uko pia udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wahandisi huuita udongo wa pamba. Huu hufanya kinyume. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu huzama ndani, na ukinywa maji huvimba kwa nguvu inayoweza kuinua sakafu na kuta. Na si lazima mvua inyeshe juu yake. Tukishaifunika ardhi kwa sakafu ya saruji, unyevu uliokuwa ukipanda kutoka chini na kupotea hewani hukosa njia, ukajikusanya chini ya jengo, na katikati ya nyumba hupanda ilhali pembe zake zimebaki chini.

Aina ya tatu ni udongo wenye sodiamu nyingi, ambao ukikutana na maji safi hutawanyika kama maziwa ya unga katika kikombe. Bwawa la kunyweshea mifugo likijengwa kwa udongo huo bila hadhari, maji hupata kijitundu, kijitundu kikawa mfereji, na mfereji ukawa pengo. Mfugaji huamka asubuhi akute bwawa alilolingojea mwaka mzima limekuwa tope. Na mwisho kuna ardhi yenye chumvi na jasi, ambayo hula zege ya msingi taratibu na kuvuruga lami ya barabara. Jasi si jambo geni kwetu, kwani huko El Wak, katika Kaunti ya Mandera, inajulikana na huchimbwa.

Maabara ya udongo ni mahali pa kuyauliza haya yote kabla ya fedha kutumika. Wala kazi yake si uganga. Kwa ule udongo unaoporomoka, fundi wa maabara hukata kipande kisichovurugwa, akakitia ndani ya pete ya chuma yenye kimo cha takriban milimita 20, akakibebesha mzigo hatua kwa hatua hadi ufikie kiasi cha tani 20 kwa kila mita mraba. Kisha humwagia maji na kutazama. Kipande kikipungua kimo chake kwa chini ya asilimia 1, hakuna la kuhofia. Kikipungua kwa asilimia 5 hadi 10, pana shida. Na kikipita asilimia 10, shida ni kubwa. Vigezo hivyo vilitolewa na Jennings na Knight, watafiti wa Afrika Kusini walioushughulikia udongo wa aina hii tangu miaka ya 1950. Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Tabaka la mita 3 likiporomoka kwa asilimia 10, jengo litashuka sentimita 30. Hakuna saruji duniani itakayoziba ufa wa namna hiyo.

Kwa udongo unaotawanyika, kipimo cha kwanza ni chepesi hata mwanafunzi wa shule ya msingi angekiweza. Hutwaliwa punje ya udongo yenye ukubwa wa punje ya mahindi, ikatumbukizwa polepole katika bilauri ya maji, na kuangaliwa. Maji yakibaki maangavu, ni dalili njema. Yakifanya wingu linalotanda pande zote na kukataa kutua, huo si udongo wa kujengea bwawa mpaka upimwe zaidi, na pengine utiwe chokaa au jasi. Kipimo kinachofuata hupitisha maji katika tundu la milimita 1 lililotobolewa katikati ya udongo ulioshindiliwa, ili ionekane kama tundu litapanuka au litabaki lilivyo.

Ni hapa, hata hivyo, ambapo tunapaswa kuwa waangalifu. Kupima tu hakutoshi. Ni lazima tupime kwa namna inayoifaa ardhi yetu. Vipimo vingi tunavyovitumia vilizaliwa katika nchi za baridi na mvua. Mswidi Albert Atterberg aliieleza mipaka ya ulaini wa mfinyanzi mwaka 1911, na hadi leo hakuna maabara ya udongo isiyolitaja jina lake. Viwango vya Uingereza na vya Marekani ndivyo vinavyoongoza maabara zetu. Hakuna ubaya katika hilo, maadamu anayevitumia anajua mahali vinapoweza kumpotosha.

Nitatoa mifano miwili. Ili kujua udongo una maji kiasi gani, desturi ni kuuweka katika tanuri lenye joto la nyuzi 105 za Selsiasi mpaka ukauke, kisha kuupima uzito tena. Lakini jasi ni madini yaliyoshika maji ndani ya umbile lake lenyewe, yapata sehemu moja kwa tano ya uzito wake. Tanuri la nyuzi 105 huyafukuza na maji hayo pia, na karatasi ya matokeo ikaandika kwamba udongo una unyevu ambao kwa hakika haukuwa nao. Tangu hapo hesabu zote zinazofuata huenda upogo. Dawa yake yajulikana: joto lipunguzwe hadi karibu nyuzi 60, na kungojewa muda mrefu zaidi. Fundi asiyeambiwa kwamba udongo umetoka penye jasi atajuaje?

Mfano wa pili ni wa maji yenyewe. Visima vingi vya nchi kavu vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo huuzuia ule udongo wa sodiamu usitawanyike. Mtu akiupima kwa maji ya kisima, udongo utatulia kama mwanakondoo. Kisha bwawa likijengwa, mvua itakuja na maji yake yasiyo na chumvi, na mwanakondoo atageuka chui. Ndiyo maana kipimo hiki hutaka maji yaliyokenekwa. Kosa dogo la ndoo moja ya maji laweza kuliangusha bwawa zima.

Asidhani msomaji kwamba mambo haya ni mageni nchini. Bwawa la Sasumua, linaloipatia Nairobi maji, lilijengwa katika miaka ya 1950 kwa udongo mwekundu wa Nyandarua. Sasumua si nchi kavu, lakini somo lake ni lile lile. Vipimo vya kawaida vya mfinyanzi ule vilitoa picha isiyolingana na tabia yake halisi. Mtaalamu Karl Terzaghi, anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya udongo duniani, aliandika mwaka 1958 akieleza kwamba siri ilikuwa katika madini ya mfinyanzi wenyewe, na kwamba udongo ule ulifaa kabisa kwa kazi iliyokusudiwa. Udongo wa Kenya ulikwisha kuwafundisha wakubwa wa taaluma hiyo kwamba tarakimu za maabara husomwa pamoja na ardhi zilikotoka.

Tugeukie barabara. Nguvu ya udongo unaobeba lami hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa California, ambacho wahandisi hukiita CBR. Sampuli hushindiliwa katika kopo la chuma, na mara nyingi hulowekwa majini siku 4 kabla ya kusukumwa na pistoni. Lakini miongozo inayotumiwa katika nchi za joto huruhusu, mahali ambapo mvua ni haba, kwa mfano chini ya milimita 250 kwa mwaka, udongo utathminiwe bila kuchukuliwa kwamba utalowa kabisa. Lodwar, kwa wastani, hupata takriban milimita 200 tu. Ruhusa hiyo ina busara yake: udongo mkavu huonyesha nguvu zaidi, tabaka za barabara huwa nyembamba, na fedha zinazookolewa huongeza kilomita nyingine za lami.

Shida ni kwamba wastani ni msemaji mwongo katika nchi kavu. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwaka 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana kaskazini mwa nchi yetu. Ardhi ilikauka, ikapasuka, mifugo ikafa kwa maelfu. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 ikaja mvua ya El Niño, na maji yakafunika yale yale malisho yaliyokuwa vumbi. Barabara kati ya Garissa na Madogo ilikatwa, na wasafiri wakavuka kwa mashua mahali ambapo juzi walipita kwa basi. Mhandisi aliyeusanifu msingi wa barabara kwa wastani wa mvua aliusanifu kwa mwaka ambao haupo. Ruhusa ya kutoloweka sampuli ibaki pale penye mwinuko na mitaro mizuri. Mabondeni, penye laga na tambarare za mito, udongo ulowekwe na upimwe kama utakavyokuwa siku ya gharika.

Wenzetu waliotutangulia wamelipa karo ya somo hili. Katika bonde la San Joaquin huko California, wajenzi wa mifereji mikubwa ya maji waligundua katika miaka ya 1950 kwamba ardhi kavu ikilowa ilishuka hata mita 3 na zaidi. Hawakujenga kwa kubahatisha. Walifanya mabwawa ya majaribio, na baadaye wakailowesha njia ya mfereji makusudi mpaka iporomoke, ndipo wakajenga juu yake.

Katika jimbo la Idaho mambo yalikwenda vingine. Bwawa la Teton, lenye kimo cha zaidi ya mita 90, lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 lilipokuwa likijazwa kwa mara ya kwanza, na watu 11 wakapoteza maisha. Kiini chake kilikuwa udongo laini ulioletwa na upepo, unaomomonyoka upesi, nao ulishindiliwa dhidi ya miamba yenye nyufa bila kinga ya kutosha. Tabia ya udongo wa aina hiyo ilikuwa inajulikana. Kilichokosekana ni usanifu wa kuitii. Nako Botswana, karibu na mabonde ya chumvi ya Makgadikgadi, lami nyembamba iliwahi kuvimba na kupasuka kwa sababu chumvi ilipanda na unyevu kutoka chini na kuganda chini ya lami.

Najua majibu yatakayotolewa. Ya kwanza ni gharama. Lakini uchunguzi wa udongo aghalabu hula senti chache katika kila shilingi ya mradi, ilhali kuubomoa msingi ulioharibika na kuujenga upya hula shilingi nzima na nyongeza. Ya pili ni muda: mwaka wa fedha unakwisha, zabuni lazima itolewe, gavana ameahidi. Udongo haujui mwaka wa fedha. Ya tatu ina uzito zaidi, nayo ni umbali. Kutoka Mandera hadi Nairobi ni yapata kilomita elfu moja, na sampuli iliyofungwa vibaya ikasafirishwa juani kwa lori hufika ikiwa imekauka na kutikiswa mpaka imepoteza tabia zake. Matokeo yake yatakuwa ya udongo wa ndani ya lori, si wa kiwanja kule Mandera.

Kwa hivyo, dawa ya umbali ni kuisogeza maabara. Kaunti za kaskazini zimezoea kushirikiana katika mambo ya ukame na malisho. Haziwezi kushindwa kushirikiana katika maabara mbili au tatu za kudumu, tuseme Garissa, Isiolo na Lodwar, zenye tanuri linalorekebishika joto, pete za kuporomosha udongo, maji yaliyokenekwa, na vijana wa vyuo vya ufundi wa maeneo hayo hayo waliofunzwa kazi hiyo. Kijana aliyezaliwa kando ya laga anaijua historia ya maji yake kuliko mgeni aliyetua kwa ndege asubuhi na kuondoka jioni.

Jambo la pili ni kuhifadhi. Kila mradi unaochimba mashimo ya uchunguzi huzalisha maarifa yaliyolipiwa na mwananchi, kisha ripoti hufungiwa kabatini na mradi unaofuata, hatua mia mbili kutoka pale, huanza gizani. Ripoti hizo zikusanywe katika daftari moja la kaunti.

Na jambo la tatu ni uwazi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeieleza njia yake. Ripoti ya udongo wa zahanati si siri ya taifa. Ibandikwe katika ofisi ya wadi, iandikwe kwa lugha inayoeleweka, na ijibu maswali matatu: mashimo yalichimbwa wapi na kwa kina gani, udongo ulifanya nini ulipolowa, na usanifu wa msingi umebadilishwa vipi kwa ajili hiyo. Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwani tumeona Teton kwamba kuujua udongo bila kuutii ni sawa na kutoujua.

Ndugu zetu wa nchi kavu wana desturi ya kutochimba kisima popote penye kivuli kizuri. Humwita mzee anayeijua ardhi, wakamsikiliza, ndipo wakashika majembe. Maabara ya udongo ni mzee wa namna hiyo. Basi siku mgeni wa heshima atakaposimama mbele ya umati kuweka jiwe la msingi, ngoma zikinyamaza na kabla ya sepetu ya kwanza kupigwa, na anyanyuke mwananchi mmoja aulize kwa adabu: mheshimiwa, udongo huu ulipomwagiwa maji, ulifanya nini? Asipopata jibu, kazi na isimame mpaka lipatikane.